Baridi au ya moto? Stauti tamu haitaki yoyote kati ya hizo

Ukikaa baa Dar es Salaam au Mwanza ukaagiza bia, mhudumu anauliza, "Baridi au ya moto?" Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti pembeni ya kaunta, joto la chumba, nyuzi 27 au hata 30. Baridi ni ile iliyochimbuliwa chini kabisa ya friji, chupa inatoka jasho, na pengine shingoni mna vipande vya barafu. Kwa bia ya lager swali hilo linatosha. Kwa stauti tamu, bia nyeusi iliyotiwa sukari ya maziwa, majibu yote mawili yanaiharibu. Yenyewe inataka nyuzi 8 hadi 12. Mimina chupa mbili za chapa ileile, moja ikiwa nyuzi 4 na nyingine nyuzi 11, umpe mtu bila kumwambia: ataapa kwamba ni bia mbili tofauti.

Sababu iko kwenye ulimi na pua, na iko pia kwenye namna bia hii inavyopikwa. Nianze na upishi, maana ukijua kilichomo ndani hutahitaji kukariri kanuni.

Utamu wenyewe ni wa nini

Kila bia huanza ikiwa maji matamu ya kimea. Hamira inakula sukari hizo na kutoa kilevi na gesi, ikimaliza imebaki sukari kidogo tu. Laktosi, sukari iliyo ndani ya maziwa, haina namna ya kuila, kwa sababu hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuipasua. Kwa hiyo mpishi anaitia sufuriani dakika 10 za mwisho za kuchemsha, na karibu yote inafika kwenye glasi yako kama ilivyoingia. Kipimo cha kawaida ni gramu 450 kwa lita 20, yaani gramu 22 hivi kwa kila lita.

Laktosi si tamu kama wengi wanavyodhani. Utamu wake ni kama moja ya sita ya sukari ya mezani. Kazi yake kubwa ni uzito: inaifanya bia ijae mdomoni, iteleze, na ilainishe makali ya kimea kilichokaangwa. Anayeifungua akitarajia soda yenye kilevi anakata tamaa kwenye funda la kwanza. Inayotakiwa ni ladha ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, si ya sharubati.

Bia hii ilizaliwa Uingereza. Mackeson, kiwanda cha mji wa Hythe katika jimbo la Kent, kilianza kuuza stauti ya maziwa mwaka 1907, na iliuzwa kama kinywaji cha kurudisha nguvu, hata kwa wagonjwa na akina mama wanaonyonyesha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya huko ilizuia neno "maziwa" kwenye lebo, maana maziwa yenyewe hayamo. Imani ya aina hiyo iko hai kwetu pia: bia nyeusi inaongeza damu. Haiongezi. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno, na mjamzito hapaswi kunywa kilevi cha rangi yoyote. Nalisema wazi kwa sababu bado kuna watu wanaishauri kwa nia njema.

Na kama maziwa freshi yanakusumbua tumbo, fanya hesabu kabla ya kuagiza. Chupa ya mililita 330 kwa kipimo nilichotaja ina gramu 7 hivi za laktosi. Ya mililita 500 inafika 11, karibu sawa na glasi ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki mwili umeshapunguza uwezo wa kusaga laktosi, kwa hiyo tumbo likianza kunguruma saa moja baadaye usiilaumu nyama. Anza na nusu glasi, pamoja na chakula. Mwenye mzio wa maziwa wa kweli aiache kabisa.

Weusi una ladha zake

Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea, linalozungushwa juu ya moto kama la kukaangia kahawa. Hapo ndipo bia nyeusi ilipopata njia ya kuwa nyeusi kwa nafaka chache tu zilizokaangwa sana, huku sehemu kubwa ikibaki kimea cheupe. Mpango huo haujabadilika. Kwa lita 20 za stauti tamu, mizani inayokubalika ni hii: kimea cheupe kilo 3.5, kimea cha chokoleti gramu 300, shayiri ya kukaanga gramu 200, kimea cha karameli gramu 350, shayiri pori iliyopondwa (ile ya uji wa oti) gramu 300, na laktosi gramu 450. Uzito wa mwanzo, maji matupu yakihesabiwa 1.000, unakuwa karibu 1.056, wa mwisho hamira ikimaliza kazi 1.020, na kilevi asilimia 4.7 hivi. Bila laktosi, bia hiyohiyo ingemalizia kwenye 1.012. Hizo pointi 8 ndizo unazozisikia zikitambaa juu ya ulimi.

Kimea cha chokoleti hakina chokoleti. Kinaitwa hivyo kwa rangi, na harufu yake nayo inakwenda hukohuko. Shayiri ya kukaanga ndiyo inayoleta kahawa kavu. Mpishi akizidisha hiyo ya pili, au akiisaga unga badala ya kuivunja tu, anapata ukakasi na ladha ya majivu ambayo laktosi haiwezi kuifunika. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, uwe kati ya 20 na 40 kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Ukiwa chini ya hapo utamu unakinaisha kabla glasi haijafika nusu, ukipita hapo unapigana na ukaango.

Hii inasaidia unaposimama mbele ya rafu. Bia nyeusi si kitu kimoja. Guinness ya chupa tuliyoizoea Afrika Mashariki ni Foreign Extra, kali na yenye uchungu. Haina laktosi, na mtu akikuambia "nayo ni stauti" amesema kweli ila hajakusaidia. Stauti ya oti ina ulaini lakini utamu wake ni mdogo. Samuel Smith ya Tadcaster, Yorkshire, ndiyo iliyoirudisha sokoni mwaka 1980. Stauti ya kifalme ina kilevi asilimia 8 hadi 12 na utamu wake ni wa kimea ambacho hamira haikukimaliza. Siku hizi ziko pia stauti zinazotiwa vanila, nazi, asali na hata biskuti. Nyingine nzuri, lakini nyingi zinaficha bia dhaifu chini ya manukato. Kwa anayeanza, tafuta lebo yenye maneno "milk stout" au "sweet stout", kilevi asilimia 4 hadi 6, na laktosi ikiwa imeandikwa kwenye viambato. Left Hand ya Longmont, Colorado, yenye asilimia 6, ndiyo ningeiweka mezani kama kipimo cha kulinganishia nyingine, maana utamu, uchungu na ukaango wake vinaachiana nafasi.

Soma tarehe, kwenye kopo iko chini. Bia ya nguvu hii haikusudiwi kuzeeka. Ndani ya miezi sita tangu ijazwe iko vizuri, na kama ilikaa dukani kwenye joto la nyuzi 30, hesabu muda mfupi zaidi. Ukipewa chaguo kati ya chupa ya dirishani na ya stoo, chukua ya stoo. Kioo cha kahawia kinapunguza mwanga lakini hakiuzuii wote, na mwanga ukigusa hopsi unatoa harufu ya kicheche.

Nyuzi 8 hadi 12 bila mashine

Baridi kali inafanya mambo mawili kwa pamoja. Harufu hazipandi, kwa hiyo kahawa na chokoleti zinabaki zimelala ndani ya kimiminika. Ulimi nao unapunguza kuhisi utamu, huku uchungu na ukakasi ukibaki palepale. Matokeo yake stauti tamu ya nyuzi 3 inakuwa nyepesi, chachu kidogo, yenye masizi. Watu wanaosema "sikuipenda, ilikuwa kama maji ya mkaa" mara nyingi wameinywa hivyo. Kwenye nyuzi 28 mambo yanageuka: kilevi kinapanda puani, utamu unanata kama sukari guru, gesi inatoka yote kwa mkupuo na povu linamwagika mezani.

Friji ya nyumbani ina nyuzi 4 hivi. Katika chumba cha nyuzi 30, chupa ya mililita 330 ikitolewa inafika nyuzi 10 baada ya dakika 15 hadi 20. Ya mililita 500 iongezee dakika tano. Chumba chenye kiyoyozi kinachelewesha. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kitumbukize kwenye glasi mara mbili tatu za mwanzo, baadaye mkono utajua: chupa inayokaribia kuwa tayari bado ina ubaridi lakini haiumi vidole. Inayotoka kwenye kreti iweke kwenye ndoo ya maji na barafu, si barafu tupu, maana maji ndiyo yanayogusa chupa pande zote. Kopo linahitaji dakika 6 hadi 10, chupa 10 hadi 15. Usiipeleke kwenye friza ukasema utaikumbuka. Ikiganda, chupa inapasuka, na hata isipopasuka, povu halitasimama tena vizuri.

Kutumia glasi iliyogandishwa ni kosa jingine linalofanywa kwa heshima. Barafu ya ukutani inayeyuka ndani ya bia na kuiongezea maji, inalipua povu, na inairudisha kwenye nyuzi 3 ulizokuwa unazikimbia.

Glasi yenyewe iwe safi kuliko unavyodhani. Mafuta kidogo ya samli, alama ya rangi ya mdomo au sabuni isiyosuuzwa vinaua povu kwa dakika moja. Ioshe peke yake, si kwenye beseni moja na sahani za pilau. Isuuze kwa maji mengi. Iinamishe kwenye waya ikauke, usiifute kwa kitambaa. Ukitaka kuihakiki, ilowanishe kisha itazame: maji yakishuka kama pazia moja, ni safi, yakijigawa matone, rudia, na safari hii isugue kwa chumvi kidogo. Umbo linalofaa ni lenye tumbo pana na mdomo unaojikunja kidogo, la mililita 350 hadi 400, ili harufu ikusanyike. Glasi ndefu nyembamba ya lager inaipoteza.

Kumimina kunategemea gesi

Stauti ya gesi ya kaboni unaimimina taratibu. Inamisha glasi nyuzi 45, iache bia iteleze ukutani hadi robo tatu, halafu isimamishe umalizie katikati mpaka upate povu la sentimita 2. Povu liwe la kahawia, kama lile la kahawa iliyokorogwa. Inua glasi kwenye taa: pembeni utaona wekundu wa damu ya mzee. Bia isiyo na wekundu huo si mbaya, imekaangwa zaidi tu.

Ile ya nitrojeni inataka kinyume chake. Mtaalamu wa hisabati Michael Ash aliifanyia kazi nitrojeni pale Guinness hadi ikaanza kutumika kwenye mapipa mwaka 1959, na bia tamu ndiyo imefaidika kuliko zote. Mchanganyiko wa kawaida ni nitrojeni asilimia 70 hadi 75 na kaboni iliyobaki. Gesi ya kaboni ikiyeyuka inatoa asidi, ule mchomo wa soda ulimini. Nitrojeni haina mchomo huo, kwa hiyo laktosi ileile inasikika tamu na nzito zaidi. Pia inayeyuka kwa shida sana ndani ya maji, na haitoki bila kusukumwa. Ndiyo maana unaambiwa umimine kwa nguvu: glasi imesimama wima, chupa inageuzwa kichwa chini moja kwa moja, bila huruma. Ukiimimina kwa adabu unapata bia bapa yenye povu la nusu sentimita, halafu unalaumu kiwanda. Tumia glasi kubwa kuliko chupa, angalau mililita 100 za ziada.

Kopo la nitrojeni huwa lina kijipira cha plastiki ndani kinachofyatua gesi unapofungua. Hili lifunguliwe likiwa na nyuzi 5 au 6, maana likiwa la vuguvugu linafoka hadi kwenye shati. Hapa basi usisubirie kwenye kopo, subirie kwenye glasi. Mapovu yatakuwa yanaonekana kushuka badala ya kupanda. Yanapanda katikati, na bia inayoteremka ukutani inayavuta yale ya pembeni. Yakitulia, dakika mbili hivi, bado ngoja nyingine nane.

Ukinusa, nusa mara fupi tatu kabla ya kugusa mdomo, kwa sababu pua inachoka haraka. Funda la kwanza lizungushe mdomoni ulimeze, usilihukumu, linasafisha tu. La pili ndilo la kusikiliza. Kwanza utamu wa maziwa, kisha ukaango, halafu uchungu mfupi unaofunga. Kama utamu ndio unaobaki mwisho kabisa, mpishi alipunguza hopsi mno. Kunywa polepole, glasi moja kwa nusu saa, na utasikia vanila na karameli zikijitokeza kadiri joto linavyopanda kuelekea nyuzi 13. Maji ya kunywa yawe pembeni.

Mezani

Nyama choma ndiyo rafiki yake wa asili, kwa sababu ukoko wa nyama iliyobabuka na kimea kilichokaangwa vina ladha za ukoo mmoja. Mbuzi mwenye mafuta anapendeza kuliko ng'ombe mkavu. Kitimoto ya kukaanga nayo, kwa wanaokula: chumvi na mafuta vinaupunguza utamu wa bia, na uchungu wa kukaanga unasafisha mafuta. Maini ya kuchoma yasiyoiva sana hapana, yanaleta ladha ya chuma. Kachumbari yenye ndimu nyingi uile kando na usubiri kidogo, asidi yake inaifanya bia ionekane tupu. Pilipili inavumilika.

Baada ya chakula ndipo inapong'aa. Korosho za kukaanga zenye chumvi, ndizi mbivu ya kuchoma iliyobabuka kingo, kashata ya nazi isiyo na sukari nyingi, au jibini la bluu kama Stilton kwa anayelipata. Keki ya chokoleti iwe chungu kuliko bia. Ikiwa keki ni tamu kuliko bia, bia inageuka kahawa baridi iliyosahaulika, na hilo ni kosa la kila mara kwenye sherehe.

Ikikuharibikia

Harufu ya karatasi iliyolowa au mchuzi wa soya ni hewa na joto: bia imezeeka. Harufu ya siagi ya bisi ni diasetili, kemikali inayobaki hamira isipopewa muda wa kumalizia kazi. Kidogo sana inavumilika katika mapishi ya Kiingereza, ikitawala irudishe. Uchachu wa mtindi ni bakteria. Hapa stauti ya laktosi ina hatari ya pekee: hamira ya bia haiwezi kuila sukari hii, lakini bakteria kadhaa na baadhi ya hamira za porini zinaiweza. Zikiingia kwenye chupa zinapata chakula kizima kilichoachwa, na gesi inajaa. Chupa ikifoka kama chemchemi ingawa ni baridi, imimine kwenye sinki. Ukiona kizibo kimevimba, ifunike kwa taulo kabla ya kuigusa.

Iliyobaki nusu bila kasoro haifai kufungwa na kurudishwa kwenye friji. Kesho yake gesi imekwisha. Ipeleke jikoni. Kaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia, weka kilo moja ya nyama ya ng'ombe ya mchuzi, mimina mililita 200 za stauti na maji ya kufunika, acha moto mdogo saa mbili. Usizidishe hapo. Bia inapopungua sufuriani uchungu unakusanyika pamoja na utamu, na mililita 500 katika kilo moja zinatoa mchuzi mweusi unaoonekana mzuri lakini hauliki. Chumvi itiwe mwishoni, mchuzi ukishapungua.